Haikuwa ziwa, wala dagaa

Mwanangu wa pili alianza kuwashwa akiwa na miezi minne. Kwanza mashavuni, baadaye kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku alijikuna hadi shuka likapata madoa ya damu, nikawa namvalisha soksi mikononi.

Kwetu Mwanza mtoto akiwashwa, wa kwanza kulaumiwa ni ziwa. Bibi yake alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema kuja kuniambia ni maji niliyomwogeshea. Jirani akasema dagaa. Mtoto alipofikisha mwaka na nusu nilikuwa nimemkatia dagaa, samaki, mayai na maziwa, na uzito kwenye kadi ya kliniki ukaanza kushuka. Hilo linaniuma hadi leo kuliko mikwaruzo yenyewe.

Duka moja la dawa waliniuzia tyubu ya krimu ya mchanganyiko. Siku 3 tu, ngozi laini! Nikiacha, inarudi kwa hasira. Nilipaka miezi mitano, hata usoni, hadi ngozi ikawa nyembamba na mishipa ikaonekana.

Kliniki ya ngozi Bugando, daktari aliniuliza ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, nani nyumbani ana pumu?" Baba yake. Basi, akasema, hii ni pumu ya ngozi. Haiambukizi. Mtoto amezaliwa na ngozi isiyotunza unyevu, ndiyo maana kiangazi, Juni hadi Agosti, hali huwa mbaya zaidi. Wapo watoto wanaochochewa na chakula fulani, lakini chakula hakikatwi kwa kubahatisha. Krimu yangu ilikuwa na steroidi kali. Tuliiacha taratibu, tukapewa iliyo hafifu, ya kupaka kwa siku chache palipovimba tu.

Na dawa kubwa? Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, asubuhi na jioni, mara tu baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, ngozi ikiwa bado mbichi. Nilitaka kucheka. Nimepanda kilima kile chote kuambiwa mafuta!

Sasa ana miaka sita. Hajapona kabisa, kila kiangazi hurudi kidogo, nasi tunaongeza mafuta. Juzi bibi yake alileta dagaa. "Akila akiwashwa usinipigie simu," alisema.

Alikula sahani mbili, akalala hadi asubuhi.