Mwenye Kalamu ya Dondoo: Tafakuri juu ya Msomaji na Kitabu Kinachopendekezwa

Mtahiniwa wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya hulijua swali la dondoo kabla ya kukijua kitabu chenyewe. Sentensi moja au mbili huchotwa kutoka kitabu teule, kisha mtahiniwa huagizwa aeleze muktadha wake, ataje tamathali iliyotumika na afafanue sifa za msemaji. Swali hili lina manufaa yake, kwani humlazimu mwanafunzi airejelee matini badala ya kuropoka juu yake. Hata hivyo, kuna jambo ambalo aghalabu halitajwi: aliyeichagua sentensi hiyo si msomaji. Mtu mwingine amekwisha kuamua ni mahali gani kitabu kinasema. Makala haya yanaliona jambo hilo kuwa zito kuliko linavyodhaniwa, hasa linapoulizwa tena swali la zamani kuhusu kitabu kinachostahili kupendekezwa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika gereza. Katika miaka ya 1970 Sonny Venkatrathnam, mmoja wa wafungwa wa kisiasa katika Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, alikuwa na nakala ya kazi zote za Shakespeare. Ili walinzi wasimnyang'anye, aliyavika majalada yake picha za kadi za sikukuu ya Diwali, nao wakakidhania kuwa kitabu cha dini ya Kihindu. Baina ya 1975 na 1978 nakala hiyo ilipitishwa kwa wenzake, na kila mmoja aliombwa achague kifungu kimoja, akitie alama na kuweka saini yake pembeni. Walioitikia walikuwa zaidi ya 30.

Nelson Mandela alichagua katika Julius Caesar yale Kaizari anayomwambia mkewe kuhusu mwoga, shujaa na kifo. Alitia saini na tarehe: 16 Desemba 1977. Siku kama hiyo mwaka 1961 ndipo Umkhonto we Sizwe ilipofanya mashambulizi yake ya kwanza, na iwe ni kusudi au sadfa, msomaji wa leo hawezi kuipita tarehe hiyo bila kutua. Walter Sisulu, ambaye aliacha shule angali kijana mdogo, alikwenda katika The Merchant of Venice, pale Shailoki anapoyakumbuka matusi aliyotupiwa na uvumilivu aliokabiliana nayo. Billy Nair alimchagua Kalibani wa The Tempest anapodai haki ya kisiwa alichonyang'anywa. Kwa mtu anayesoma maneno hayo akiwa amefungwa kisiwani, maelezo zaidi hayahitajiki. Naye Govan Mbeki, mkomunisti mkongwe, ambaye wengi wangemtarajia achague lililo kali kupita yote, alitia alama mwanzo wa Twelfth Night, ambapo mtawala aliyelemewa na mapenzi anaomba muziki.

Chaguo la Mbeki ndilo linaloisumbua zaidi nadharia. Mhakiki aliyezoea kuoanisha maisha ya msomaji na maudhui ya matini atampata Nair bila shida, na Sisulu vilevile. Lakini afanyeje na mfungwa wa maisha ambaye, kati ya kurasa zaidi ya elfu moja, anaomba muziki? Yamkini gerezani muziki ulikuwa jambo zito kuliko siasa. Yamkini pia mzee huyo alitaka kwa siku moja asiwe mwanasiasa. Lolote liwalo, hakuna mtahini ambaye angelipata kwa kubahatisha, na hapo ndipo thamani ya alama ile ilipo.

Ni haki kutaja tahadhari iliyotolewa na baadhi ya wahakiki, kwamba nakala hii imetukuzwa mno. Venkatrathnam alitaka kumbukumbu ya wenzake. Wapo waliotia saini kwa ajili ya urafiki tu, na si kila saini ni ushahidi wa maisha yaliyobadilishwa na kitabu. Mwaka 2012 nakala hiyo ilipoonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, jina lililovuma lilikuwa la Mandela, kana kwamba alama nyingine zilikuwa pambo la alama yake. Tahadhari hiyo inapaswa kukubaliwa. Lakini hata aliyetia alama kwa ajili ya urafiki alilazimika kufunua kurasa na kuamua, na kuamua huko hakukuwa na mwongozo wowote.

Hapa litazuka pingamizi ambalo msomi wa Nairobi hawezi kulikwepa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, wakiuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe ukingo. Je, kumtaja Shakespeare kama kielelezo cha kitabu cha kupendekezwa si kumrudisha mlangoni mgeni aliyekwisha kusindikizwa? La hasha. Mandela na Mbeki walipitia Healdtown na Fort Hare, na kwa wasomi wa kizazi chao Shakespeare alikuwa sehemu ya elimu ya kimisheni, kitabu cha lazima katika maana kamili ya neno hilo. Kilichotokea gerezani hakiutetei uteuzi wa wamisheni. Kinaonyesha tu kwamba kitabu kilichowahi kuamrishwa kinaweza baadaye kutwaliwa, mradi kiwe na nafasi ya kutosha ndani yake kwa anayekitwaa.

Mwalimu Julius Nyerere alikitwaa kwa njia nyingine. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Inavutia kwamba tamthilia mbili alizozitafsiri ndizo Mandela na Sisulu walizozitia alama miaka michache baadaye. Anwani ya pili ndiyo ya kutazamwa. Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, anawataja mabepari, tena kwa wingi. Kwa neno moja Antonio anakosa usalama wa kuwa mtu mwema anayeonewa na Shailoki, na wote wawili wanawekwa katika kizimba kimoja. Mtu anaweza kulikataa chaguo hilo, na wapo waliolikataa, lakini hawezi kusema kwamba mfasiri alikuwa amelala. Tafsiri ni kupigia mstari kitabu kizima.

Nadharia ya upokezi imefundishwa vya kutosha madarasani. Kila mwanafunzi wa uzamili anaweza kusema kwamba, kwa mujibu wa Wolfgang Iser, matini ina mapengo yanayojazwa na msomaji. Ajabu ni kwamba wanafunzi hao hao, wakishaajiriwa kufundisha, huwakabidhi vijana miongozo ambamo mapengo yote yamezibwa kwa saruji: dhamira hizi sita, mbinu hizi kumi na mbili, sifa za mhusika mkuu kuanzia (i) hadi (viii). Lawama isiwaendee walimu peke yao. Mtihani ni mlango wa ajira, na mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo hana haja na mapengo ya Iser.

Hata hivyo, vitabu vyenyewe hukataa kuzibwa. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Kwa sura yake ya nje ni kazi ya mafunzo, na mwandishi haoni haya kufundisha. Ila wapo walioisoma kama shutuma dhidi ya ukoloni, wapo walioisoma kama hoja juu ya sheria na haki katika nchi yoyote, na msomaji aliyeishi chini ya serikali huru yenye majungu atamwona Karama kizimbani bila kumfikiria Mwingereza hata kidogo. Au chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Wako walioipenda kwa ajili ya Kiswahili chake, wakayanakili maneno yake katika madaftari ili wayatumie katika insha. Wako walioisoma kama kisa cha mtoto anayemtafuta baba, na hao hawakuhitaji kunakili neno. Mwandishi huyo alipofariki Aprili 2020, wengi waliomlilia hadharani walimkumbuka kwa kitabu hicho walichokisomea shuleni, nao walimtaja Kongowea Mswahili kama mtu waliyepata kuishi naye.

Kipimo kinachojitokeza, basi, hakihusu ukubwa wa jina la mwandishi wala usafi wa maadili yake. Kitabu ambacho wasomaji 30 wangekitia alama mahali pamoja kina jambo moja la kusema, na jambo hilo lingetosha kuandikwa katika kadi. Anayekipendekeza anapendekeza kadi. Kile ambacho wasomaji hao wangekitia alama mahali pengi mbalimbali, na kila mmoja akaweza kulitetea chaguo lake mbele ya wenzake, hicho kina haki ya kudai wiki mbili za maisha ya mtu. Kipimo hiki kina ubaya wake: hakiwezi kutumika kabla ya kitabu kusomwa, na kamati za uteuzi hupenda vipimo vinavyotumika kabla.

Lakini darasani kinaweza kujaribiwa bila gharama. Mwalimu awaagize wanafunzi wake wafunge miongozo, na kila mmoja alete dondoo lake kutoka kitabu teule, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu sababu ya kulichagua. Wengine wataleta sentensi wanayodhani mwalimu anaitaka, na hilo litaonekana mara moja. Wengine wataleta kifungu ambacho hakijapata kuulizwa katika mtihani wowote, maelezo ya mvua au maneno ya mhusika mdogo asiyerudi tena hadithini. Mtahini atalalamika kwamba majibu ya namna hiyo hayawezi kusahihishwa kwa mwongozo mmoja wa kutuza alama. Ni kweli, itabidi ayasome.