Glavu za Joto, Lyon na Uluguru

Watu wetu wengi, wakisikia kwamba fulani anakaa Ulaya, humwonea huruma kwa ajili ya baridi, wala hawasadiki wakiambiwa kwamba katika miezi ya Juni, Julai na Agosti nchi ya Ufaransa huweza kuwaka joto ambalo mji wa Morogoro haujapata kulionja. Lakini ndivyo ilivyo, na tarehe 28 Juni 2019 kipimo cha joto katika kijiji cha Vérargues, kusini mwa nchi hiyo, kilifika nyuzi 46. Katika majira kama hayo, hapa Lyon ninapokaa, mwenye pikipiki hujikuta baina ya mambo mawili yasiyopatana: mwili wake wataka upepo, na sheria yataka ngozi.

Sheria yenyewe ilianza kutumika tarehe 20 Novemba 2016. Tangu siku hiyo kila aendeshaye pikipiki nchini Ufaransa, na kila achukuliwaye nyuma yake, sharti avae glavu zenye alama ya CE, inayoshuhudia kwamba zimetimiza kanuni za Ulaya. Na dereva anayekamatwa mikono mitupu hutozwa faini ya euro 68 na kupunguziwa nukta moja katika zile nukta 12 za leseni yake. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kutangulia, kwani wao tangu mwaka 2011 wameamrisha glavu pamoja na koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Ukiuliza kwa nini serikali ijishughulishe na vidole vya raia, jibu lao ni jepesi: mtu aangukapo hutanguliza mikono kabla hajashauriana na akili yake, na katika kilimbili, upande wa dole gumba, mna kifupa kidogo ambacho kikivunjika hukawia mno kuunga, kwa sababu damu aghalabu hukiingilia kwa upande mmoja tu. Kiganja kilichochunika huponyeka. Kifupa hicho chaweza kumwachisha fundi saremala kazi yake.

Kanuni ya kupima glavu hizo huitwa EN 13594, nami naona yafaa mnunuzi aifahamu kabla ya kufungua mkoba, maana wauzaji husifu zaidi rangi kuliko mshono. Kipande cha kiganja huwekwa juu ya mkanda wa msasa unaokwenda mbio: kikistahimili sekunde 4 kabla ya kutoboka, glavu hupewa daraja la 1, na kikistahimili sekunde 8 hupewa la 2. Herufi KP zikiwa ndani ya lebo, maana yake ni kwamba na gamba la juu ya konzi limepigwa nyundo likapimwa. Zisipokuwamo, gamba hilo, hata liking'aa namna gani, ni pambo. Kisha glavu hufungwa na kuvutwa kwa nguvu, ili ijulikane kama itachomoka mkononi. Jambo hili la mwisho wanunuzi hulidharau, ilhali ndilo la kwanza, kwani glavu iliyoruka njiani kabla mkono haujagusa lami haikumfaa mwenyewe kwa lolote.

Katika duka la hapa, basi, mtu mwenye busara hujipima kwa uzi kuzunguka kiganja chini ya konzi, huvaa glavu, kisha hukamata usukani, si kunyoosha vidole hewani kama abarikiye harusi. Maana mkono uliokunjwa ndio mkono wa safari, na hapo ndipo mikunjo ya ngozi kiganjani, inayozaa malengelenge, hujidhihirisha. Ncha za vidole zisibanwe. Mishono ya vidoleni ni bora itokezee nje. Ama juu ya upepo, maduka huuza aina mbili: zile za wavu wa nailoni, nyepesi kabisa, na zile za ngozi iliyotobolewa vitundu vidogo. Mimi sizipendi za wavu. Nailoni hupitisha hewa kwa ukarimu, lakini ikisuguana na lami huyeyuka. Na siku ya joto kali upepo mwingi hauburudishi kama watu wadhanivyo, bali hukausha jasho upesi kuliko mwili uwezavyo kulitoa. Ngozi ya mbuzi, nyembamba na ngumu kuchanika, yenye vitundu mgongoni na nzima kiganjani, pamoja na kipande kigumu cha kuteleza kwenye tako la kiganja, ndiyo niliyoikubali baada ya kuzivaa zote mbili.

Haya yote ni ya Lyon. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo mpwa wangu, afanyaye kazi ya bodaboda katika njia ya Sangasanga hata Langali na Nyandira, aliponiambia, "Mjomba, niletee glavu za huko, zile zenye magamba," sikuwa na nafasi ya kujadiliana kama ana haki ya kuagiza au hana. Lakini nilipokwenda likizo nilitaka kwanza nione mikono ya wenzake.

Asiyeijua njia ile na afahamu kwamba mji wa Morogoro umekaa yapata mita 500 juu ya bahari, na milima ya Uluguru imesimama nyuma yake kwa ghafla, Lupanga ikipita mita 2,100 na Kimhandu, iliyo mbali zaidi kusini, mita 2,600. Kijana aondokaye Nyandira alfajiri ya mwezi wa Julai na gunia la karoti au kabichi huanza safari katika ukungu na baridi inayotia ganzi vidole vya breki, hushuka kona baada ya kona juu ya mawe na udongo mwekundu, hupita Mzumbe jasho likianza kumtoka, na afikapo mjini jua la saa tano limekwisha kuchoma mgongo wa mkono. Upande wa mashariki, kwa Mkuyuni, Kinole na Matombo, ambako pepo za bahari hujitua mvua yake, ni utelezi badala ya vumbi. Mfaransa ana glavu za kiangazi na glavu za kipupwe, na baina yao miezi. Mpwa wangu huzihitaji zote katika safari moja, tena kabla ya chakula cha mchana.

Kijiweni nilikuta kila namna ya maarifa. Mmoja alivaa glavu za kufuma zenye mpira kiganjani, wavaazo wapakuzi wa saruji. Mwingine alipata mitumbani glavu nene za kuchezea theluji, akazivaa kwa fahari huku jasho likimchuruzika hata kwenye kiwiko. Wa tatu alikuwa na glavu za ngozi za mchomeleaji vyuma. Wengine walizikata vidole vyote. Na walio wengi hawakuvaa kitu. Nikauliza wale wavaao huvaa kwa nini. Baridi, wakasema, vumbi, jua, sugu za klachi. Hakuna aliyetaja kuanguka. Hapo nikaona tofauti ambayo nilikuwa sijaitambua kwa miaka yote niliyokaa ugenini: Ulaya glavu hushonwa kwa ajili ya ile nusu dakika ya msiba, na safari nzima huambiwa ivumilie; kwetu huvaliwa kwa ajili ya safari, na msiba huachiwa Mwenyezi Mungu. Wala sithubutu kuwacheka ndugu zangu, kwa maana ile glavu ya msiba isiyovumilika safarini hulala chini ya kiti cha pikipiki, nayo huko chini ya kiti haimkingi mtu.

Na liko jambo jingine ambalo waliotunga EN 13594 hawakulitia katika hesabu, nalo ni simu na chenji. Mtu wa Lyon huvaa glavu mlangoni pake na kuzivua mlangoni pa kazi. Bodaboda husimama kila baada ya mwendo mfupi: abiria anashuka, noti inatolewa, sarafu zinatafutwa, malipo ya simu yanathibitishwa, mteja mwingine anapiga. Kila mara glavu ivuliwe na kuvaliwa tena kwa mkono wenye jasho. Na zile za Ulaya zenye kitambaa ndani, mkono ukilowa, bitana hutoka pamoja na vidole, na kuirudisha ndani ni kazi ya kumkasirisha hata mtawa. Kishikizo cha kunata nacho, kilicho kizuri kwenye lami safi, hujaa vumbi la njia ile ya milimani na nyuzi za magunia mpaka hakishiki tena. Kijana akisha kushindwa huning'iniza glavu kwenye kioo cha pembeni, na hapo zimekuwa bendera. Mpwa wangu aliponieleza haya, alinifunza zaidi ya duka lolote.

Mji wetu una historia yake katika habari hii ya ngozi na hewa. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilijengwa Kiwanda cha Viatu Morogoro, ambacho kilitarajiwa kushona viatu vya kuitosheleza Tanzania na sehemu kubwa zaidi kuipeleka Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa kabisa. Ama jengo lilizungushiwa kuta za alumini lisiwekewe mpango wa kupitisha hewa, chini ya jua lile lile linalowatoa watu jasho Msamvu mjini humo. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, wala sisemi kwamba kuta peke yake zilikiua. Lakini hakikupata kutoa hata asilimia 5 ya kile kilichokusudiwa, na mwaka 1990 kazi ikasimama. Kila nionapo glavu iliyoandikwa "ya kiangazi" na bitana ndani, namkumbuka msanifu wa jengo lile, ambaye bila shaka alikuwa mtu mwenye elimu.

Nikampelekea mpwa wangu glavu za ngozi ya mbuzi za daraja la 1, za vitundu, zisizo na bitana, zenye gamba dogo la konzi lililopimwa, na mdomo mpana unaoishia kilimbilini. Si za daraja la 2, ijapokuwa ni imara zaidi, kwa sababu zile ndefu zinazopanda juu ya mkono asingezivua na kuzivaa tangu asubuhi hata jioni, naye mwendo wake mlimani si ule wa njia kuu za Ufaransa. Kwa ajili ya baridi ya alfajiri nilimtilia na glavu za ndani za pamba, nyembamba, ambazo huzivua afikapo Mzumbe na kuzitia mfukoni, kisha huzifua jioni. Maana chumvi ya jasho ndiyo iozeshayo ngozi, wala ngozi iliyolowa haianikwi juani, bali kivulini, na kupakwa mafuta kidogo kabla haijakakamaa. Ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia aliikata mwenyewe, kwa ajili ya simu. Askari wa Lyon pengine angekuwa na neno. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa ncha moja wazi ni hasara ndogo kuliko glavu mbili kiooni.

Kishikizo cha kunata kilikufa kama tulivyotazamia. Fundi viatu wa mjini alikibandua, akashona mahali pake ukanda wa ngozi wenye kifungo cha chuma, nao hufungwa kwa kidole gumba tu. Kisha, akiisha kuigeuza glavu na kuichungulia mishono, akaomba aachiwe jozi hiyo usiku mmoja ili achukue ruwaza yake kwenye karatasi. Ngozi ya mbuzi anayo, uzi wa nailoni anao. Alichoshindwa kukipata ni kile kipande kigumu cha tako la kiganja, na sasa anajaribu kwa kipande cha dumu, huku wenzake mpwa wangu wakibishana kama kitateleza juu ya mawe ya Langali au kitapasuka.