Taa Hupimwa Alfajiri

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika: ubatizo, ndoa, mazishi na zaka. Kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa kwamba kitabu cha mahudhurio ni kitu cha kweli. Mwalimu asimwandike mtoto kuwa yupo, na kumbe hayupo. Leo nataka kuwasimulia jinsi mimi nilivyoandika "yupo" mara 234, wala sikujua kama yupo. Sikuwa nikiandika habari za watoto, bali habari za taa.

Kijiji chetu kiko magharibi ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, katikati ya migomba na mibuni. Umeme umefika barabara kuu, walakini njia zetu za ndani ni giza tupu. Mwaka 2022 wafadhili fulani walituletea taa tatu za barabarani zinazotumia nguvu za jua, ili zijaribiwe kwa miezi mitatu, tangu tarehe 1 Septemba hata 30 Novemba. Zikifaulu, tutaletewa nyingine 20 kwa ajili ya vigango vyote. Nguzo ya kwanza ilisimikwa mbele ya kanisa, ya pili sokoni, na ya tatu penye kalavati, katika njia iendayo zahanati, mahali ambapo mtaro ni wa kina kuliko urefu wa mtoto. Halmashauri ikanichagua mimi kuwa mtunza kumbukumbu. Nikapewa daftari lenye safu tatu, moja kwa kila taa, na juu ya kila ukurasa yameandikwa maneno haya: "Imewaka usiku kucha." Kazi yangu ilikuwa kutia tiki.

Yafaa kwanza nieleze taa hizi zinavyofanya kazi, maana ndipo mtaona kosa langu lilipolala. Mchana paneli hupokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme, na umeme huo huwekwa akiba katika betri. Giza likiingia, paneli haipati tena mwanga, na hapo taa hujiwasha yenyewe. Taa ni ya aina iitwayo LED, ambayo hula umeme kidogo sana: ya wati 20 hutoa mwanga kupita ile balbu ya zamani ya wati 100. Mwanga huu mweupe uliwezekana baada ya mabingwa kupata njia ya kutengeneza LED ya buluu, na kwa kazi hiyo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila taa yenye ulaji mdogo namna hii, paneli ndogo juu ya nguzo isingeweza kitu.

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Kwetu hapa karibu na ikweta, jua hutua karibu saa moja jioni, nalo huchomoza karibu saa moja asubuhi, mwaka mzima. Basi usiku wetu ni wa saa 12. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 12 hutumia akiba ya 240. Siku ya jua kali paneli ya wati 60 yaweza kuweka kiasi hicho hicho, ukiondoa kile kinachopotea njiani. Lakini siku ya mawingu huweka nusu tu, pengine pungufu ya nusu. Nusu ya akiba ni nusu ya usiku: taa iliyowaka saa moja jioni itazimika saa saba usiku, watu wakiwa wamelala. Akiba ikiisha hakuna wa kukopesha.

Hesabu hii sikuifanya mapema. Mwezi wa Septemba furaha ilikuwa kubwa mno. Watoto walikaa chini ya nguzo ya kanisa wakisoma, na akina mama wa sokoni waliuza dagaa na ndizi za kuchoma hata saa tatu. Mwezi wa Novemba wakaja senene. Ninyi mnaotoka kwetu mwajua senene hufuata mwanga. Basi kila taa ilizungukwa na watoto wenye chupa na mifuko, na kelele zake zilifika mpaka nyumba ya mapadri. Mimi nami kila usiku, saa mbili, baada ya chakula, nilipita na daftari langu. Kanisani inawaka: tiki. Sokoni inawaka: tiki. Penye kalavati inawaka: tiki. Kisha nikarudi nyumbani, nikalala usingizi mzuri. Niliandika "usiku kucha" juu ya kitu nilichokiona kwa dakika moja.

Usiku wa tarehe 17 Novemba nilitia tiki zangu kama desturi, nazo zikawa zimetimia 234. Siku hizo ilikuwa mvua ya vuli, na jua hatukuliona kwa siku tatu. Yapata saa tisa usiku, bibi mmoja wa jumuiya yetu alimbeba mjukuu wake aliyeshikwa na homa kali, akaelekea zahanati. Tochi yake aliiacha nyumbani, kwa kuwa jioni ile aliiona taa ya kalavati ikiwaka vizuri. Alipofika kwenye kona akakuta giza. Mtoto alikuwa anaungua mwili. Bibi hakutaka kurudi. Akapapasa kwa miguu, akakosa ukingo, akaanguka mtaroni. Alimwinua mtoto juu asiumie, na mkono wake wa kushoto ndio uliopokea uzito wote. Mtoto alitibiwa akapona. Bibi alivunjika kifundo cha mkono.

Nilikwenda kumwamkia. Nikamkuta amekaa barazani, mkono umefungwa. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Pole sana." Akaniitikia, kisha akanena bila hasira: "Karani, mwanangu, kama taa isingekuwapo kabisa, ningechukua tochi yangu."

Maneno hayo yalinichoma. Nilirudi ofisini nikafungua daftari, nikaona tiki yangu ya usiku ule, imeandikwa kwa wino mzuri: imewaka usiku kucha. Giza ambalo watu hulijua, hujihadhari nalo. Lakini giza ambalo karani ameliandika kuwa ni mwanga, nani ajihadhari nalo?

Tangu usiku ule nikaacha kulala. Nikamwomba mlinzi wa kanisa na vijana wawili wa kwaya, tukapokezana zamu kwa siku 13 zilizobaki. Hatukutia tiki tena. Tuliandika saa ambayo kila taa ilizimika. Taa ya kanisa ilifika alfajiri siku 11, na siku mbili ilizimika saa kumi na moja. Ya sokoni mara nyingi ilikoma kati ya saa tisa na saa kumi. Ya kalavati, ile iliyotakiwa kuliko zote, ilifika alfajiri siku mbili tu, na siku tatu ilizimika hata kabla ya saa sita.

Tukamwita fundi kutoka mjini. Akapanda nguzo na kipimo chake, akatufundisha mengi. Kwanza, kasha la taa limeandikwa wati 100, lakini yeye alipima akakuta 20. Pili, mparachichi uliokuwa karibu na kalavati ulitia kivuli pembe moja ya paneli tangu saa tisa alasiri. Sisi tulidhani kivuli kidogo hudhuru kidogo. Akasema sivyo, kwa sababu vipande vya paneli vimeungwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akizembea, mstari mzima huchelewa. Tatu, paneli ilikuwa imejaa vumbi la barabara na mavi ya ndege, nayo ilikuwa imelazwa bapa kabisa. Ingeinamishwa kidogo, mvua ingeiosha bure. Nne, taa iliwekwa iwake kwa nguvu zake zote usiku kucha, kama mtu anayekula akiba ya mwezi kwa siku moja.

Basi ukafika wakati wa kuandika taarifa, na hapo, msomaji mwenzangu, ndipo nilipojaribiwa mimi badala ya taa. Wajumbe wawili walinifuata jioni. Wakasema, "Karani, usituharibie. Taa 20 zipo mlangoni. Hizo tiki zako zinatosha. Ya bibi ni ajali, na ajali ni ajali." Sikuwaona kuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wanaopita gizani kama mimi. Pia nilijua kwamba nikiandika kweli juu ya taa, itanibidi niandike kweli juu yangu. Usiku huo daftari lilikaa mezani mpaka jogoo akawika.

Asubuhi niliandika hivi: tiki 234 za kwanza ni ushahidi wa saa mbili usiku peke yake, wala msizihesabu kuwa ni ushahidi wa usiku kucha, kosa ni la karani. Nikaweka saa zote za siku 13, nikaweka maneno ya fundi, nikaweka na habari ya mkono wa bibi. Nikaisoma mbele ya halmashauri, naye bibi akiwapo. Hakuna aliyenipigia makofi.

Wafadhili hawakuleta taa 20. Baada ya kukaa kimya kwa miezi kadhaa, walileta 12, zenye betri kubwa iwezayo kuvuka siku mbili za mawingu, nazo zimepangwa ziwake kwa nguvu saa tano za kwanza, kisha zipunguze mpaka karibu theluthi, na mtu akipita huongeza mwanga zenyewe. Fanyeni hesabu mwone: wati 20 kwa saa tano ni 100, na wati sita kwa saa saba ni 42, jumla 142, badala ya 240. Nguzo ya kalavati ilihamishwa hatua chache kutoka kwenye mparachichi, nayo ikapewa betri mpya. Sasa hufika alfajiri. Walakini vigango viwili vilikosa taa kabisa, na wako watu huko ambao mpaka leo wakikutana nami huitikia salamu yangu kwa ufupi. Siwalaumu. Na mkono wa bibi haukunyooka sawasawa. Hawezi tena kukamua nguo.

Nanyi wasomaji, ikiwa siku moja taa za majaribio zitaletwa kwenu, nawasihi mambo haya. Msizijaribu wakati wa kiangazi peke yake. Ngojeni na mvua. Iwekeni ya kwanza mahali penye hatari, wala si mahali ambapo mgeni wa heshima atapita. Chagueni mtu wa kufuta paneli, na mwezi wa kuifuta. Ulizeni mapema ni nani atakayenunua betri ya pili, kwa maana betri huchoka, wala haidumu kama nguzo. Na yule mnayempa daftari, mpeni pia mtu wa kumwamsha saa kumi.

Mwajua ule mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Nimeusikia tangu utoto, na nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, lakini jambo moja sikuliona mpaka mwaka ule. Jioni taa zote kumi ziliwaka. Kama karani angepita kwao saa mbili na daftari lake, angewatia tiki wote kumi, akaenda zake kulala.