Kupima si Kukosa Imani

Katika jumuiya yetu tunaombea wagonjwa bila kificho. Tunataja presha, kisukari, hata virusi vya UKIMWI. Lakini ugonjwa wa chooni hatuutaji. Marehemu mzee wetu mmoja alitokwa na damu chooni kwa muda mrefu. Alidhani ni bawasiri, akanywa dawa za miti, akaona haya kumwambia hata mkewe. Alipofika hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Baada ya maziko tuliulizana mengi. Wengine walisema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Fikra hiyo ina asili yake. Mwaka 1971 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika kwamba saratani hii ilikuwa nadra Afrika, akalihusisha jambo hilo na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi. Tangu hapo vyakula na maisha vimebadilika, na hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam inawapokea wagonjwa wa aina hii.

Wengine waliuliza: asiyeumwa akienda kupima, je, hajaacha kumtumaini Mungu? Muuguzi mmoja, mwanajumuiya mwenzetu, alitueleza kwamba saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, kisichouma, na huchukua miaka mingi kugeuka. Kipimo cha choo kikubwa huonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Kamera ikipitishwa, kinyama huonekana na kuondolewa kabla hakijawa saratani. Tukaona kwamba miaka hiyo nayo ni neema. Ni muda tuliopewa.

Tulimkumbuka pia yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alimjia Yesu kwa siri, kwa nyuma, lakini Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alieleza yote mbele ya watu, akaenda zake kwa amani.

Siku hizi sisi tuliovuka miaka 45 tunaulizana waziwazi, na anayeona damu, hata akiwa kijana, tunamwambia asingoje. Wanne kati yetu tumeshapima. Watatu hatukukutwa na damu. Mmoja amekutwa nayo, na Jumanne tunamsindikiza kwenye kipimo cha kamera. Hatujui kitakachoonekana. Tunamwombea kila jioni, na nauli tumeshachanga.