Ukungu wa Mwembe wa Mama

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hawakututahadharisha, hata hivyo, kwamba mtu aweza kuuliza kwa neno lisilotosha, akapewa jawabu lisilomfaa. Hayo yalinifika mwaka wa 2023, mimi niliyekuwa nikijinaki kijijini kuwa nasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili.

Nyuma ya nyumba yetu, huko Kilifi, upo mwembe wa ngowe alioupanda marehemu baba. Maembe yake yamenilipia sehemu ya karo tangu shule ya upili. Agosti ya mwaka huo mwembe ulichanua ukapendeza, kisha maua yakaanza kuwa meusi na kukauka, na majani machanga yakatoka madoadoa. Mama alishuku jicho la hasidi. Ami alitaka mti ukatwe uchomwe makaa. Nami nikatangaza kwa kiburi cha msomi: “Huo ni ukungu, mama. Niachie mimi.”

Nilikwenda katika duka la pembejeo nikaomba dawa ya ukungu. Muuzaji hakunihoji, alinipa salfa. Nilinyunyiza mara tatu. Mvua za vuli, ambazo mwaka ule zilichochewa na El Niño, zilipokita, maembe machanga yalipukutika kama kokoto. Yale machache yaliyokomaa yalionekana safi mtini, lakini yalipoivia kikapuni yakatoka michirizi myeusi kuanzia kwenye kikonyo, mfano wa machozi. Mama hakunena neno. Aliyafukia. Muhula uliofuata sikurudi chuoni.

Ni wakati huo wa kukaa nyumbani nilipokutana na afisa wa kilimo. Alilitazama jani, akaniuliza: “Maua yalikuwa na unga mweupe?” La, hayakuwa nao. “Basi salfa ya nini, kijana?”

Mpenzi msomaji, neno ukungu kwetu ni pana mno: ndio utandao wa alfajiri, ndio uozo wa mkate, ndio kila ugonjwa wa mti unaoletwa na kuvu. Wakulima wa Tanzania wametutangulia kwa kuwa na majina mawili. Ubwiri unga huyafunika maua kwa vumbi jeupe, nao hustawi hata pasipo mvua, kukiwa na baridi ya usiku. Huo ndio unaotibiwa kwa salfa. Chule huleta madoa meusi, hutawanywa na matone ya mvua, na huingia ndani ya tunda likiwa changa, ukajificha kimya hadi tunda liive. Jamaa yake wa karibu ndiye anayeozesha buni, ugonjwa ulioripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1922. Dawa ya chule ni ya shaba, nayo hutangulia ugonjwa. Ikifika baada ya tunda kuambukizwa, imechelewa.

Lakini dawa ni nusu ya kazi. Mwaka wa 2024, kabla mwembe haujachanua, nilipanda juu nikakata vijiti vyote vilivyokufa, maana humo ndimo kuvu hungojea msimu. Nilipunguza matawi ya katikati ili upepo upite na majani yakauke upesi. Mama alizoa majani makavu na maembe makavu yaliyobaki chini, tukayachoma. Shaba tuliinyunyiza machipukizi ya maua yalipoanza kutokeza, jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mizingani.

Mavuno hayakufikia yale ya enzi za baba. Hata hivyo, Januari 2025 nilirejea darasani, na ami akalipeleka shoka lake kwingine.

Likizo iliyopita mama aliniletea jani lililopakaa weusi kama masizi ya sufuria. “Mwanangu, huu ni upi katika ile miwili?” Nililisugua kwa kidole, weusi ukafutika, jani likabaki kijani kibichi. Hakukuwa na doa. “Siujui, mama,” nikasema. Nililitia ndani ya daftari, nikavaa viatu, nikaenda kumtafuta yule afisa.