Chale: Upepo Ukigeuka, Moto Nao Hugeuka

Msomaji, ukivuka feri ya Likoni ukaishika barabara ya Lunga Lunga, shuka Ukunda kisha ufuate njia ya pwani kuelekea kusini. Utaipita Diani na mahoteli yake, utaipita Kinondo, na hatimaye utakiona kisiwa kidogo cha kijani kibichi karibu kabisa na nchi kavu. Hicho ndicho Chale. Maji yakijaa utavuka kwa mashua. Yakitoka, wageni huvushwa kwa trekta.

Lakini kabla hujavuka, keti kidogo chini ya mnazi uusikilize upepo. Alfajiri hutoka bara, mwepesi na wenye ubaridi. Wavuvi huuita umande, nao huwasaidia kutoka kwenda kuvua. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupaa, na ile ya baharini huingia kushika nafasi yake. Kufikia adhuhuri upepo umekwisha kugeuka, sasa watoka baharini kwenda bara.

Kwa mgeni aliyejilaza ufukweni, hiyo ni burudani tu. Kwa mzima moto, ni jambo la kufa na kupona.

Hebu fikiria. Ni Februari, msimu wa kaskazi, na majani makavu yametanda chini ya miti. Mkulima anachoma shamba lake saa moja asubuhi. Moshi unaelekea baharini, na majirani wamesimama upande wa bara wakiamini wako salama. Saa sita mchana upepo unageuka, na ndimi za moto zinawajia wao, pamoja na nyumba zao za makuti. Pembeni upo msitu wa kaya. Kaya Kinondo, ambako mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, ni hekta 30 hivi tu, na iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Miti iliyotunzwa na wazee wa Kidigo kwa karne nyingi yaweza kuteketea kwa siku moja.

Ndiyo maana huko Marekani, moto mkubwa wa msituni ukizuka, Shirika la Taifa la Hali ya Hewa hupeleka mtaalamu wake hadi kambini kwa wazima moto. Hulala na kula nao. Hupima upepo, joto na unyevu wa hewa, na kila asubuhi huwaeleza makamanda upepo utageuka saa ngapi na upande gani usiwekwe watu.

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana kwa uchungu katika jimbo la Colorado. Tarehe 6 Julai 1994, wazima moto 14 walifariki mlimani baada ya pepo kali kuvuma ghafla na kuupandisha moto hadi walipokuwa. Wataalamu walikuwa wametoa onyo kuhusu upepo huo. Lakini onyo halikuwafikia waliokuwa mlimani.

Nasi Afrika Mashariki tumeonja. Moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020, wazimaji walihangaika siku nyingi, huku upepo mkali na ukavu wa majani ukiwazidi nguvu.

Pwani hii, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina ofisi yake katika kaunti ya Kwale. Wavuvi nao wanaujua upepo wa kwao saa kwa saa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba utabiri wa ofisini na ujuzi wa ufukweni unamfikia yule aliyeshika tawi bichi na ndoo ya maji mbele ya moto, tena unamfikia mapema. Mkulima naye, kabla hajawasha kiberiti, na aulize: leo upepo utageuka saa ngapi?

Basi msomaji, ukifika Chale, ogelea, kula samaki wako wa kupaka, upumzike. Lakini upepo utakapokugeukia usoni adhuhuri, kumbuka kwamba umepewa habari. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.