Kushika si Kukwama

Kuna vitu vinavyoonekana imara kwa sababu tu vimekataa kusogea. Somo hilo tulilipokea kwa mpwa wetu, fundi wa magari huko Liège, Ubelgiji, mwaka tulipomtembelea. Alikuwa akiandaa gari lake dogo la michezo, Mazda MX-5, kwa uwanja wa mbio za magari wa Spa-Francorchamps, wenye urefu wa kilomita 7 hivi, ambao siku fulani hufunguliwa kwa madereva wa kawaida.

Gari la barabarani magurudumu yake husimama karibu wima. Lakini katika kona ya kasi mwili wa gari huinamia nje, na tairi hukanyaga lami kwa ukingo wake. Kwa hiyo aendaye uwanjani huyainamisha magurudumu, upande wa juu ukielekea ndani, mara nyingi digrii 2 hadi 3, ili tairi likanyage kwa upana wake wote ndani ya kona. Katika gari hilo kazi hii hufanywa na bolti 8, mbili kwa kila gurudumu, zinazofunga mikono ya chuma ya chini inayounga gurudumu na mwili wa gari. Kila bolti ina kisahani cha duara ambacho tundu lake haliko katikati. Ukiizungusha, mkono husogea kidogo, nje au ndani.

Bolti za mpwa wetu hazikuzunguka. Majira ya baridi barabara za huko humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hulea kutu. Kutu ilikuwa imezigandamanisha bolti na bomba la chuma lililomo ndani ya bushi za mpira. Alijaribu mafuta, moto na nyundo, bure. Tukamwuliza, "Kama hazitikisiki, huko si kuwa imara?" Akajibu, "Hapana, Mjomba. Hazijashika, zimekwama. Iliyoshika naweza kuilegeza, nikairekebisha, nikaikaza tena. Hizi hazikubali kurekebishwa."

Ilibidi zikatwe zote kwa msumeno, na bushi zingeharibika pamoja nazo, basi akangoja vipuri kwanza. Vipuri vilichelewa. Wenzake walimshauri aende hivyo hivyo, maana barabarani gari lilikuwa likinyooka vizuri. Alikuwa amekwisha kulipia siku yake, lakini mkewe angeketi kando yake. Akaiacha siku ipite.

Vipuri vilipofika, alizikata bolti za zamani, akazipaka mpya grisi na kuzikaza kidogo tu. Alizikaza kabisa baada ya kulishusha gari likasimama kwa uzito wake, kwa kuwa mpira wa bushi ukikazwa gurudumu likining'inia husokoteka na kuchanika mapema. Kisha magurudumu yakapimwa na kurekebishwa kwa mashine.

Sisi tuliosomea ualimu tumekutana na wengi wanaosifiwa kwa msimamo, vijana kwa wazee, ambao hakuna aliyewahi kujaribu kuwasogeza. Wakati wa njia iliyonyooka hatuwezi kuwatofautisha na walioshika kweli. Kona ndiyo inayowatofautisha. Basi tunawaomba, kila mnapojivunia msimamo wenu, mjiulize: ni lini mara ya mwisho mtu alipowasahihisha, nanyi mkasogea, hata kwa kiasi kidogo?